Dirisha Lisilofunguka

Asiyeamini aje Rugu, aulize nyumba ya bibi mwenye dirisha la matofali ya kioo. Ataonyeshwa. Ni moja tu kata nzima, na ni langu. Shule niliachia darasa la tatu, lakini kuongopa sikufundishwa, na pombe ya rubisi sinywi.

Sebule yangu ilikuwa giza. Migomba imesonga mpaka ukutani, na lile dirisha la mbao nikilifungua, wezi wanapitisha mkono. Basi nikauza kahawa yangu, nikaleta matofali ya kioo kutoka Kayanga, yamefungwa kwa majani makavu ya migomba kama mayai. Shemeji yangu Anselimi, mdogo wa marehemu mume wangu, akaja kucheka.

"Shemeji, dirisha lisilofunguka ni ukuta. Umenunua ukuta!"

"Na mdomo wako unafunguka kila siku. Umetuletea nini?"

Fundi Deo akang'oa dirisha la zamani, akapanga kozi tatu za kioo, mstari juu ya mstari, akaacha. Kioo hakinywi maji kama tofali la kuchoma, alisema, simenti yake inakawia kushika. Ukizipandisha kozi zote siku moja zinateleza. "Bibi, usiegemee. Hata kidole. Likisukumwa sasa, lote linakwenda chini."

Juu pakabaki wazi. Deo alipozunguka nje kuokota vifaa vyake, shati lake jekundu likaonekana katika kila tofali. Deo mmoja akawa Deo wengi! Nilicheka peke yangu. Akaondoka.

Nikaweka kiti nilinde dirisha langu. Jua lilikuwa limeshuka, ila nje palionekana bado, taa sijawasha. Ndipo mwanamke akatokea kwenye ule uwazi, kijana, kanga ya manjano, mtoto mgongoni. Simjui. Hata shikamoo hakunipa.

"Bibi, nipokelee mtoto. Mgongo umechoka."

"Mlango uko upande wa pili. Zunguka."

"Mlangoni siwezi. Mpokee hapa hapa, nafasi ipo."

Mtoto akaanza kulia. Nimelea wanangu na wajukuu. Kilio cha njaa nakijua, na kile kilikuwa cha njaa. Wewe ungefanya nini? Nikasimama, nikanyoosha mikono, kifua kikawa karibu kugusa kioo. Nikakumbuka onyo la Deo, nikatazama chini nisije nikaegemea.

Katika matofali hapakuwa na manjano. Palikuwa na kijani tu, migomba, kila tofali. Juu ya kioo kuna mtu. Nyuma ya kioo hakuna mtu. Naapa.

Lakini nyumba ni yangu, na jasho ni langu. Nikashusha mikono.

"Wewe mwanamke huna kiuno. Kwangu watu wanaingia mlangoni, kwa miguu yao."

Mtoto akanyamaza ghafla, kama redio iliyozimwa. Yule mwanamke hakukasirika. Aliushika mkono wa mtoto, akauweka kwenye tofali moja la kozi ya juu, taratibu, kama anayeaga. Halafu hayupo. Hata jani la mgomba halikutikisika.

Asubuhi Deo akaweka pima maji. Dirisha halijasogea hata kidogo. Ila kwenye tofali lile pana alama ya kiganja cha kichanga. Akafuta nje. Akafuta ndani. Haitoki. Iko katikati, kwenye uvungu wa ndani ya tofali, uliozibwa tangu kiwandani. Akataka kuling'oa. Nikamwambia, "Jenga."

Akajenga mpaka juu kwenye lenta. Leo nachagua maharage sebuleni bila taa, na wageni wanaletwa kutazama. Anselimi naye alikuja, akatemea kitambaa mate, akasugua, akasugua, akaondoka hajaaga. Siku hizi anapita barabarani. Katika kibanja changu cha migomba hakatizi tena.

Nawe unayejenga, nisikilize. Kioo kikiwa nusu, usipokee kitu juu yake, hata kilie vipi. Tazama kwanza kupitia kioo. Mwenye haja ya kweli atazunguka.

Maana kile kiganja kinakua. Kilikuwa cha kichanga, sasa ni cha mtoto wa kutumwa dukani. Na kikue. Siku kikitosha kubisha hodi, mlango nilishakionyesha uko upande gani.