Shanga Kumi na Moja

Mwalimu Griffin alichora sifuri kubwa ubaoni mbele ya jina la Mwanarusi, na kando yake akaandika: AMENAKILI. Darasa zima likageuka kumtazama. Mwanarusi mwenyewe hata mikono alikuwa hajaiondoa kwenye kompyuta.

Kunakili! Mtu anaamka alfajiri atunge shanga za wateja, kisha jua la saa nane atoke Ziwa la Ng'ombe kwa miguu mpaka Kisauni awahi darasa, halafu aje aitwe mwizi?

Darasa lenyewe lilikuwa la bure, la kompyuta, kwenye ukumbi juu ya duka la saruji. Mwisho wake palikuwa na kazi moja tu. Ofisi moja ya mizigo kule Changamwe ilitaka mtu wa kuandika programu, na ilisema atakayeshinda mtihani huu ndiye, cheti awe nacho asiwe nacho. Hayo maneno ya cheti ndiyo yaliyomleta Mwanarusi. Shule aliiacha kidato cha pili, babake alipougua, na tangu hapo kila kazi aliyoomba aliulizwa karatasi kabla hajaulizwa jina.

Mtihani ulikuwa hivi: unapewa herufi zilizovurugwa na orodha ya maneno elfu mbili. Andika programu itakayolitafuta kwenye orodha lile neno lenye herufi hizo hizo. Mafumbo yalikuwa kumi. La mwisho lilikuwa SHARIMANEWA, herufi kumi na moja.

Wafula, aliyekaa mbele na ambaye kila mtu alijua kazi ni yake, programu yake ilizipanga herufi kila namna, moja baada ya nyingine, na kila mpango ikauangalia kama upo kwenye orodha. Mafumbo mafupi yalikwenda. La mwisho likaifanya kompyuta ingurume kama mashine ya kusaga mahindi, mpaka muda ukaisha. Ya Mwanarusi ilikuwa mistari saba. Alibonyeza, na kabla hajaondoa kidole neno likatokea: MWANASHERIA.

Basi kosa lake likawa hilo, kumaliza mapema.

"Mwalimu, nimenakili kwa nani?" Mwanarusi alikuwa ameshasimama.

"Kwa mtandao, kwani wapi?" Griffin hakugeuka hata. "Hiyo njia ni ya wasee wa chuo kikuu. Wewe ni wa shanga, dadangu, na si ubaya. Lakini usinibebe ufala, sidanganyiki."

Watu wakacheka. Wafula peke yake hakucheka. "Mwalimu, simu zetu zote ziko kwa hicho kikapu chako," alisema.

"Kuna watu wana simu mbili, Wafula. Tulia."

Mwanarusi alihisi masikio yakiwaka moto. Anamtangaza mwizi mbele za watu, kisha anamwita dadangu! Dada yake nani? Ingekuwa barazani kwao, wallahi, huyu angeondoka bila viatu.

"Njoo uisome," alisema.

"Nimeshaiona."

"Umeona jibu. Mistari hujaisoma. Njoo!"

Griffin akaja, kwa kujikokota. Akainama mbele ya kompyuta, akakunja uso. "Hii 'bahasha' uliyoandika hapa ni nini? Na hii 'ukutani'?"

"Waniuliza mimi? Si umesema nimeitoa kwa mtandao? Kaulize huko."

Safari hii darasa lilicheka upande wake. Mwanarusi akafungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki, akachagua shanga kumi na moja, akazimwaga juu ya meza: nyeupe tatu, na nyingine nane kila moja na rangi yake.

"Mteja amekatikiwa na uzi," alisema. "Ananiletea shanga kwenye bahasha, zimevurugika, hata yeye hakumbuki zilikaaje. Kwangu ukutani nimetundika mitindo yangu yote. Sasa mimi nikae nizitunge kila namna mpaka moja ifanane? Si nitazeeka? Nazipanga kwa rangi. Nyeupe na nyeupe, nyekundu na nyekundu. Kisha natazama ukutani, mtindo gani una nyeupe tatu na hizi nyingine. Nimeupata. Nampa mtu mkufu wake aende zake."

Akazisukuma zile nyeupe tatu mbele ya mwalimu. "Hizi ni A. A zote kwanza, kisha E, kisha H, mpaka mwisho. Herufi za fumbo nimezipanga hivyo, na za kila neno la orodha vile vile. Palipolingana, ndipo. Shangazi Salme ndiye aliyenifundisha, na huyo hata kuwasha kompyuta hajui."

Griffin akavuta kibodi kwake. Akachagua neno jingine kwenye orodha, akalivuruga mwenyewe, akaliandika. Likapatikana hapo hapo. Akavuruga la pili, refu zaidi. Nalo pia. Mwishowe akaenda ubaoni, akafuta sifuri, akafuta na lile neno, akaandika kumi.

"Haya, umeshinda. Jina lako nalipeleka Changamwe leo. Kaa."

Mwanarusi hakukaa.

"Nini tena?"

"Umenitukana kwa kalamu na kwa mdomo. Kalamu umefuta."

Chini dukani mtu alikuwa akiburuta mifuko ya saruji. Griffin akajikuna shingo, akatazama mlango, akatazama kikapu cha simu.

"Mwanarusi hakunakili," alisema.

"Wafula yuko hapo mbele na hajasikia."

"Mwanarusi hakunakili! Nilikosea mimi. Sawa?"

Ndipo Mwanarusi alipoanza kuokota shanga zake, moja moja, kwa rangi, bila haraka yoyote, na wote wakingoja. Alipata kumi. Akachungulia chini ya meza.

"Inua mguu, mwalimu," alisema. "Umekanyaga A."