Fundi wa Kufuta Diski

Kabla hajaanza kazi, fundi wa kufuta diski kuukuu huielekeza skrini ukutani, asije akaona hata jina la faili la mtu. Data huifunika kwa sifuri tupu, mara tatu, isisomeke tena, kisha diski huitoboa kwa drili na kupuliza unga wa chuma taratibu, kama anayepoza chai. Lakini kwanza humwuliza mwenye diski, mara tatu vilevile.

Leo mjane mmoja kaleta diski ya marehemu mumewe.

"Nifute, mama?"

"Futa, mwanangu."

"Nifute?"

"Futa yote. Picha zake zinanitesa."

"Nifute?"

Mama wa watu akaifunika diski kwa kiganja.

Fundi akaifungia diski kwenye droo. "Rudi mwezi ujao, mama. Nina foleni ndefu kweli."

Mezani hapakuwa na diski nyingine hata moja.