Bomba la Kamba ya Kijani

Musafiri ana ugomvi na watu wa Ruziba, kando ya ziwa, na watu wa Ruziba hawana habari. Wao wanamwita Dokta wa Nyasi, wanataniana naye njiani, na magugu yakiwashinda kwenye mahindi wanampigia simu. Yeye anakwenda, anapuliza dawa, anarudi nyumbani kwa mkewe hasira imemjaa hadi kooni. Huu ni mwaka wa kumi na moja.

Kinachomuudhi kwanza ni mambo ya mavazi. Ana miaka hamsini na miwili na haendi kupuliza dawa bila buti za mpira, hata jua liwe la kupasua mawe. Suruali anaishusha nje ya buti wala haichomeki ndani, ili dawa ikichuruzika ipite nje ya mguu. Anavaa glovu ndefu, barakoa, miwani na shati la mikono mirefu. Wapita njia wa barabara ya Rumonge humuuliza kama anakwenda mwezini. Pembeni yake mtu mwingine anapuliza dawa ileile kwa kaptula na kandambili, uso umeelekea upepo, anatembea ndani ya ukungu wa dawa yake mwenyewe, na hakuna anayemcheka.

Halafu kuna kuchanganya. Musafiri ameshasema mpaka ulimi umeota sugu: maji kwanza, nusu ya bomba, kisha dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, utikise, ndipo umalizie maji. Na usichanganyie kisimani. Watu wanaitikia ndiyo, ndiyo, kisha wanamimina dawa kwanza kwa kizibo cha soda, na wakiona magugu ni sugu wanaongeza kidogo, kama chumvi kwenye maharage. Amewaambia pia wapulize kabla ya saa tatu, ziwa likiwa bado limelala, kwa sababu baadaye upepo huamka na kuipeleka dawa kwenye mboga za lengalenga za watu. Wanakuja saa tano wakiwa wameshiba.

Siku moja sokoni aliona mawese yanauzwa ndani ya chupa ya dawa ya nyasi, karatasi ya maelezo bado imegandama ubavuni. Aliinunua, akamwaga mawese yote mbele ya muuzaji, akatoa msumari mfukoni na kuitoboa chupa. Muuzaji alimtazama kwa huruma, kisha akamuuliza kama anahitaji nyingine. Hayo ndiyo maisha ya Musafiri. Ni kumpigia mbuzi gitaa, na mbuzi mwenyewe anakuuzia gitaa jingine.

Hakuzaliwa na woga huu. Zamani, ng'ambo ya ziwa, upande wa Uvira, alikuwa kibarua kwenye shamba kubwa pamoja na rafiki yake Eddy. Walipuliza dawa vifua wazi. Kitundu cha kupulizia kikiziba, Eddy alikuwa akikitia mdomoni na kukizibua kwa pumzi. Kila mtu alifanya hivyo. Siku moja Eddy alianza kutapika kabla ya chakula cha mchana, na ingawa hakufa, mikono yake hadi leo haishiki kikombe kikatulia. Vita vilipomsukuma Musafiri kuvuka mpaka wa Gatumba kuingia Burundi, alikuja na mke, godoro na sheria zake. Tangu hapo kitundu kikiziba anakizibua kwa mswaki wa zamani, na kazi ikiisha anasuuza bomba mara tatu, mpira na kitundu pamoja, na maji ya kusuuzia anayapuliza kwenye shamba lilelile. Hayamwagi mtaroni, kwa sababu mtaro unaingia ziwani na ziwa ndilo chungu cha kila mtu.

Ana mabomba mawili ya mgongoni, pompi kama watu wa huku wanavyoyaita. Moja amelifunga kamba nyekundu, la dawa ya nyasi. La pili lina kamba ya kijani, la dawa ya wadudu, na dawa ya nyasi haijawahi kuingia humo. Kila Alhamisi huwafundisha wakulima wa ushirika, watu arobaini, namna ya kuchanganya, kusuuza, kuijua dawa kwa rangi na kwa harufu. Nyumbani hakufundisha. Mkewe, Lisette, aliambiwa maneno mawili tu: nyekundu usiguse, kijani ni ya nyanya.

Nyanya zenyewe zilikuwa za Lisette. Katika miaka yote ya Burundi alikuwa akilima mashamba ya watu kwa kutwa, mpaka mwaka huu Mzee Télesphore, mtumishi wa serikali mstaafu anayekaa Kigobe, alipomkabidhi kipande cha ardhi karibu na ziwa. Masharti yalikuwa mepesi. Alime msimu mmoja, mzee aje aone. Shamba likimpendeza, wataandikishana karatasi mbele ya mkuu wa mtaa, na Lisette atalilima miaka mitano bila kuulizwa na mtu. Lisette alipanda mistari kumi na sita ya nyanya. Alizisimamisha kwa vijiti, akazifunga kwa vitambaa vya kitenge chake cha zamani, na jioni alikuwa akipita katikati yake anaimba nyimbo za kanisani. Musafiri alikuwa hajamsikia akiimba tangu wavuke mpaka.

Mzee alisema atakuja Jumamosi. Jumapili iliyotangulia, watu wakitoka kanisani, jirani yao Dévote, mama wa Nella na mjane mwenye shamba la mahindi, alimkamata Musafiri mlangoni, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Baba Prodige, magugu yananimaliza ku mahindi. Dawa nilishanunua. Nipatie pompi siku mbili."

"Pompi ya nyasi naenda nayo Gatumba kesho, Mama Nella. Nitarudi siku ya tatu."

"Si uko na mbili?"

Watu watano walikuwa wamesimama hapo, vitabu vya nyimbo kwapani, wanasikiliza. Musafiri alijua sheria yake, kwani ni yeye aliyeitunga. Lakini alijua pia jambo jingine, ambalo halisemwi kanisani: mgeni hanyimi. Mtu aliyekuja na godoro kichwani, leo ana mabomba mawili na anamnyima mjane moja, watamsema hadi Pasaka. Akakubali. Alimwambia Dévote alisuuze mara tatu, Dévote akasema atasuuza. Moyoni Musafiri akajiambia atalisuuza tena mwenyewe akirudi, na jambo litakuwa limekwisha.

Nyumbani alimwambia Lisette, "Mama Nella atachukua pompi ya kijani." Hakumwambia ni ya kazi gani. Angemwambia, angekiri kwamba ameivunja sheria yake, na mtu mwenye sheria nyingi hapendi kukamatwa na mkewe.

Alirudi Jumatano jioni amechoka, buti zimemkata visigino. Lisette alimpokea mlangoni anatabasamu.

"Nimekusaidia kazi. Mama Nella alirudisha pompi jana. Ndani alituachia dawa. Niliona wadudu wameanza kula nyanya, nikasema ningojee nini. Leo nimepuliza mistari yote. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, vile unasemaka."

Musafiri alilifuata bomba ukutani, akafungua kifuniko, akanusa. Ile ilikuwa dawa ya majani mapana, ile inayoyaacha mahindi na kuua kila mmea wa jani pana, na hakuna mmea unaoiogopa kuliko nyanya.

"Ulivaa glovu?"

"Glovu zilikuwa na we Gatumba."

"Na viatu?"

"Baba Prodige, kuna nini? Nilioga na sabuni."

Musafiri alichukua ndoo akakimbia shambani. Mashina yalikuwa yameanza kupinda kuelekea chini, na majani ya juu yamejikunja. Alichota maji ziwani, akayamwagia majani mstari kwa mstari, akarudi, akachota tena, mpaka giza likaingia. Alikuwa anajua kwamba haisaidii. Dawa ilikuwa imeshaingia ndani ya mmea tangu asubuhi, na yeye ndiye aliyewafundisha watu arobaini kwamba ikishaingia haitoki. Lisette alisimama mwanzo wa shamba, mikono kifuani, anamtazama. Alikuwa ameshaelewa, na aliacha kuuliza.

Asubuhi alikwenda kwa Dévote. Njiani aliyapanga maneno yake yote, makali, yanayofuatana vizuri. Dévote alimpokea kwa furaha, akamfutia kigoda.

"Ile dawa iko na nguvu, eh? Ona mahindi yangu."

"Mama Nella, nilikwambia nini juu ya pompi?"

"Kusafisha mara tatu."

"Na ulisafisha?"

"Sasa ningesafisha vipi? Ningekurudishia pompi bure, kama mutu hakunifunza adabu? Nilikuachia ya kutosha, na maji yake nilishaweka."

Kwa watu wa huku chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ungo wa Lisette uliwahi kurudi na maharage, sahani zake na viazi viwili vitatu, na Musafiri mwenyewe aliwahi kurudisha dumu la mtu likiwa na maziwa chini. Dévote alikuwa amelipia dawa kwa shida yake, na kile alichobakiza amewapa. Utamgombeza mtu kwa lipi hapo? Maneno makali yalimshukia tumboni yakalala huko. Alisema ahsante, alisema ahsante kweli, akaondoka akitamani kupiga kitu teke.

Jumamosi Mzee Télesphore alifika na gari lake kuukuu, akaliacha barabarani, akaja kwa miguu. Nyanya zilikuwa zimejisokota zote, na matunda machanga yameanza kupasuka. Musafiri hakumngoja aulize. Alizungumza robo saa nzima. Alieleza jinsi dawa inavyopenya jani, jinsi watu wasivyosuuza mabomba, jinsi wanavyopima kwa kizibo, jinsi mila inavyoharibu kazi. Alimtaja Dévote mara nne. Alitaja na mawese. Mzee alisikiliza, kofia mkononi.

"Ku ushirika unafunzaka watu wangapi?" aliuliza mwishowe.

"Arobaini, mzee. Kila Alhamisi."

"Na mama ulimufunza?"

"Nilimwambia rangi."

Mzee alimgeukia Lisette. "Mama, harufu haukuisikia?"

"Niliisikia, mzee. Mi nilijua dawa zote zinanukaka. Sikujua kama harufu nayo inafunzwaka."

Mzee Télesphore aliinama, akaligusa jani moja, akajifuta kidole kwa kitambaa. Alisema pole. Alisema kazi ya Lisette imeonekana, vijiti vimenyooka, mistari imenyooka. Kisha akawapa mkono, kila mmoja kwa mikono miwili, akasema, "Tutaona." Huku mzee mwenye shamba akitaka kukupa hutaja siku. Akisema tutaona, chukua jembe lako uende.

Jumatatu alipiga simu. Alikuwa amepita kuangalia mashamba ya jirani, na mahindi ya Mama Nella yamempendeza sana, masafi, hayana gugu hata moja. Shamba la kando ya ziwa amempa yeye. Karatasi wataandikishana wiki hiyo.

Musafiri alilipuka. Alisema yote aliyokuwa ameyameza kwenye kigoda cha Dévote, na mengine ya miaka kumi na moja. Alisema watu wa Ruziba ni sikio la kufa. Alisema amechoka kuwa na akili peke yake. Lisette alikuwa anachambua mchele, na hakunyanyua macho mpaka mumewe alipomaliza.

"Apana, Baba Prodige. Mama Nella usimuseme. Yeye aliniambia kuna dawa ndani. We haukuniambia kitu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwambia mtu mkaa umekwisha.

"Alhamisi nitakuja ku ushirika," Lisette akasema. "Nitakaa mbele. Na utanifunza vile unafunzaka wale."

Alikuja kweli. Alivaa kitenge cha kwenda kanisani, akakaa benchi la kwanza kati ya wanaume wawili waliosogea kumpa nafasi, mikono mapajani. Musafiri aliweka ndoo, kipimo na glovu mezani. Miaka yote somo lake linaanza na maji, nusu ya bomba, hata usingizini anaweza kulisema. Aliinua ndoo, akaishusha.

"Bibi yangu Lisette alikuwaka na shamba," alianza, kisha akaanza kuwaeleza watu arobaini jinsi yeye mwenyewe alivyoliazimisha bomba la kamba ya kijani bila kumwambia mkewe ni la kazi gani.