Jirani yangu alisalimia dunia nzima kwa email, nikafungiwa mimi

Wakuu, kwema? Hili limenikaa moyoni hadi linanikera, acha nilimwage hapa. Sitaongeza chumvi, na wivu wangu sitauficha.

Nauza asali Kanyenye, Tabora mjini. Naichukua Usoke kwa mzee mmoja mrina asali, hana mchezo wa kuchanganya sukari.

Tunapakana ukuta na Rashidi. Naye anauza asali, ila ya kuokoteza. Kinachoniuma, watu wanampenda! Kwake kumejaa, mimi nafukuza nzi.

Fundi mmoja alitutengenezea email maduka yote ya mtaa wetu, akatuweka seva moja. Ilikuwa nafuu, tukafurahi.

Sasa Rashidi kwake biashara bila salamu ni utovu wa adabu. Kila Ijumaa anatuma "Ijumaa Karim" na picha ya chupa za asali, kwa kila anwani aliyowahi kuiona.

Na kuna watu wanamwitikia kabisa. Mimi nikituma bei, kimya.

Waliochoka wakawa wanabonyeza kitufe cha spam.

Kipindi hicho hoteli moja ya Dar ilionja sampo yangu, ikaipenda, wakaomba bei kwa email. Nikatuma. Kimya. Nikarudia, kimya.

Nikapiga simu, nikapewa dada wa IT.

"Email zako hazituingii. Seva yenu tumeifungia, kuna mtu anamwaga matangazo."

"Si mimi, ni jirani!"

"Naelewa dada yangu, ila huku mnaonekana kitu kimoja. Tukifungua, ofisi inazama kwenye matapeli. Tukifunga, tunawaumiza na watu kama wewe. Pole."

Nikaomba nitume WhatsApp. Akasema idara ya manunuzi inapokea email tu.

Nilitaka kumtukana. Lakini wakuu, hata mimi kwenye spam yangu kumejaa urithi wa marehemu nisiowajua, na nashukuru unazuiwa.

Fundi akasema ameomba tufunguliwe, tusubiri. Rashidi hakusubiri, akahamia seva yake peke yake, safi kabisa. Akatuma bei kwenye hoteli ileile, habari zake nilimsimulia mwenyewe. Akapata oda!

Halafu akaja kwangu anacheka. "Jirani, hoteli wanataka ladha kama ya kwako. Nigawie madumu."

Nilitamani nimfungie mlango. Ila mzigo wa mzee wa Usoke ulikuwa umejaa dukani, ungelala hadi lini? Nikamuuzia. Asali yangu imepanda gari kwenda Dar ikiwa na stika ya Rashidi. Nimeona wivu kweli.

Nilichojifunza: kabla ya kuingia seva ya pamoja, uliza unakaa na nani. Na nyie mnaofunga, mwekeeni asiye na kosa pa kujitetea. Mngekuwa huyo dada mngefanyaje? Semeni, hata mkinisema mimi sawa.

Ijumaa hii Rashidi kanitumia "Ijumaa Karim, jirani." Imeingia inbox moja kwa moja. Nikamjibu vizuri tu, kwa seva yetu ileile ambayo huko nje bado inafungiwa, roho ikiniuma.

Mchana akapaza sauti toka dukani kwake, wateja wote wanasikia: "Jirani, siku hizi hata salamu huitikii?"