Barua Isiyokuwa na Ukuta

Katika ofisi ya Kinondoni ninakohariri taarifa za makarani vijana, wananiona mkali kupita kiasi. Wakiandika "changamoto" ninaikata kwa wino mwekundu, kisha ninauliza: nini kimeharibika, wapi, na nani ataumia? Hawajui ukali huo ulitoka wapi.

Zamani nilikuwa karani wa ghala moja Temeke, ambako makuli waliniita mwalimu kwa usomi wangu. Asubuhi moja mnyapara wa makuli, mtu mpole kutoka Lindi, aliingia ofisini akiwa na vumbi la saruji hadi kwenye kope.

"Mwalimu, waandikie makao makuu. Ukuta wa nyuma umepasuka, mkono unapita. Mvua zikianza utatuangukia sie."

"Haiandikwi hivyo," nilimjibu. "Watadhani ni ugomvi wa barazani."

Makuli waliosimama mlangoni wakacheka. "Muache mwalimu aivalishe suti, braza!"

Nami niliivalisha. Nilianza kwa kuupongeza uongozi kwa jitihada zake, nikaeleza kwamba imebainika kuwepo kwa changamoto za kimiundombinu zinazoweza, kwa namna moja ama nyingine, kuathiri ufanisi. Hapakuwa na kosa hata moja la tahajia. Nilipomsomea mnyapara, alisikiliza kwa adabu kama yuko ibadani.

"Kiswahili kizito hicho, mwalimu. Wataelewa?"

"Hao ni wasomi wenzangu."

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, nalo limevaa suti: maoni yamepokelewa, yatazingatiwa katika mpango wa mwaka ujao. Nikalibandika kwenye ubao wa matangazo kwa fahari. Kisha mvua zikaanza. Ukuta ulianguka saa nne asubuhi, watu wakishusha mzigo, na mnyapara akapoteza mguu wa kulia.

Nilimpelekea nyumbani nakala ya barua, nikiamini itamsaidia kudai fidia. Alikuwa ameketi mkekani, mkewe akimsogezea mto mgongoni.

"Nisomee tena," alisema.

Nikasoma hadi mwisho.

"Mwalimu, ukuta uko wapi humo?"

Niliipitia upya kuanzia salamu hadi sahihi yangu. Hapakuwa na ukuta, wala ufa, wala mtu. Mkewe aliinuka akatoka nje.

Kampuni ilijitetea kwamba haikuwahi kuonywa kuhusu ukuta wowote. Kwa mujibu wa barua yangu, ilisema kweli.