Zamu za Sikukuu

Mama yangu alifua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakukosa kazini siku ya Krismasi hata mara moja. Hakulazimishwa na mtu. Yalikuwa makubaliano yake na mwenzake wa kwenye pasi, mwanamke mnene wa vicheko tuliyemwita Mama Kwaya. Sisi Waislamu, yeye Mkristo, na wagonjwa hawajui sikukuu. Mama alishika zamu ya Krismasi, Mama Kwaya akashika ya Idi.

Shida ilikuwa mwezi. Mama Kwaya alikuwa akipita kwetu jioni, mkoba begani, anasimama mlangoni.

"Shoga, kesho niingie au nisiingie?"

"Bado haujaandama."

"Huo mwezi wenu ungekuwa mfanyakazi wa pale kwetu, ungeshafukuzwa zamani."

Mwaka mmoja sikukuu zilifuatana: Krismasi leo, Idi keshokutwa. Mashine kubwa ya kufulia nayo ikachagua wiki hiyo hiyo kugoma. Nilikuwa na miaka kumi, na siku hiyo ya Krismasi nilimpelekea mama chakula cha mchana. Nilimkuta peke yake, ameinamia beseni, vidole vimekunjamana kwa maji, mashuka yamerundikana hadi dirishani. Kabla hajanawa, mlango ukafunguliwa. Mama Kwaya aliingia na joho lake la kwaya, hajalivua tangu atoke kanisani, anakunja mikono ya joho.

"Nani kakuita?" mama akauliza. "Rudi kwa wanao."

"Wanangu wameshiba, wamelala. Sogeza beseni."

Wakafua mpaka jioni. Siku ya Idi, Mama Kwaya alikuwa kazini peke yake. Mama aliswali, akatuvisha nguo mpya, kisha badala ya kutupeleka kwa shangazi akatuongoza sote hadi chumba cha kufulia, sufuria la wali kichwani. Tulikula juu ya meza ya kukunjia mashuka, watu wazima wakisukumana kwa utani, nguo zetu mpya zikishika harufu ya sabuni. Nimekula Idi nyingi tangu hapo. Ile sijaipata tena.

Krismasi ya kwanza baada ya kustaafu, mama aliamka alfajiri, akavaa viatu vya kazi, ndipo akakumbuka hana pa kwenda. Akakaa kitandani kitambo. Kisha akajitanda mtandio wake mzuri, akaniambia, "Nisindikize."

Tulikaa benchi la mwisho kanisani. Miaka yote ile hakuwahi kumsikia mwenzake akiimba. Mama Kwaya alipotuona, mdomo ulibaki wazi na mstari mzima wa wimbo ukampita.

Nje alimkumbatia mama, machozi yanamtoka. "Umenitia aibu. Nimeimba ovyo."

"Mimi najua uzuri wa kwaya? Nilikuwa nakutazama wewe tu."

Baadaye Mama Kwaya alihamia kwa mwanawe, safari ya siku mbili kutoka kwetu. Sasa hupigiana simu kila sikukuu, yake na yetu. Mama huongea kwa sauti ya juu, kana kwamba mashine bado zinanguruma, na simu ikikatika hukaa nayo mkononi muda mrefu kabla ya kuiweka chini.