Ndege ya Bosi Iliyokataa Kulia

Huku Saudia, kafili, yaani bosi aliyekudhamini, akikuuliza kama unajua kazi fulani, unasema unajua. Mimi ni dereva tu. Lakini bosi wangu wa Jeddah aliponiuliza kama naweza kuipaka rangi upya ndege yake ya kivita ya kuchezea, ile ya rimoti iliyo ndefu kuliko kitanda changu, nilimjibu, "Hiyo ni kazi ndogo, baba."

Nikaifungua, nikaipaka rangi za jeshi, nikaifunga tena. Nilipojaribu rimoti, vibao vya mabawa vilicheza. Vinaelekea wapi, sikuangalia. Nikasema halas, kazi imekwisha.

Tukaipeleka Riyadh ili ndugu zake waione. Njiani akaniahidi, "Mzee Wafula, ikiruka vizuri nitakusainia likizo, ukamwoze binti yako."

"Itaruka, baba. Hesabu nimeshaondoka."

Kweli ikapaa jangwani kama mwewe. Bosi akaipinda kulia, ikaenda kushoto. Akazidisha kulia, ikazidi kushoto, ikajikita mchangani.

"Upepo wa huku hauna adabu, baba," nikawahi kusema.

Kaka yake mkubwa akacheka. "Upepo gani, mzee? Hata kanzu yangu haitikisiki."

Bosi akachuchumaa kando ya bawa la kulia, lililosalimika. Akasukuma kijiti cha rimoti kulia. Kibao kilichopaswa kuinuka kikashuka. Akarudia polepole, wote tukitazama. Kikashuka tena.

"Ni mimi niliyekifunga vibaya, baba," nikasema.

"Naona," akajibu. "Mpigie binti yako. Mwambie wasikungoje."